Mibuyu Yetu Si Mmoja
(Hotuba iliyosomwa mchana wa siku ya pili ya mkutano wa ukoo)

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na shangazi zetu, ndugu zangu wake kwa waume, na nyinyi watoto mliochagua viti vya karibu na mlango ili mtoke upesi:

Waliofika kutoka Maskati na Salala, waliotoka Toronto, waliotoka Mombasa na Kilifi kwa safari ndefu na taabu ya viza, na sisi wa hapa Uingereza tuliowapokea kwa mvua, sote leo ni wa mkeka mmoja. Kamati ilinitaka nizungumze juu ya chakula na afya, kwa kuwa kazi yangu, hata nikastaafu, ilikuwa kuwashauri wagonjwa juu ya lishe. Nilikusudia kuzungumza juu ya kisukari. Lakini jana usiku niliziangalia nyuso zenu sahani ya halua ilipokuwa ikipita, nikaghairi. Nitazungumza juu ya ubuyu, na kisukari kitaingia chenyewe njiani.

Ninayo na sababu nyingine. Kesho asubuhi tutakaa tujadili shamba letu la Kilifi, kama ligawanywe, liuzwe, au libaki la ukoo kama lilivyo. Sikusimama hapa kumwambia mtu namna ya kukata shauri lake. Lakini nimeisoma karatasi ya mpimaji ambayo sote tumetumiwa, na humo mna mstari mmoja unaosema: "mibuyu mitatu". Basi. Visima vimeelezwa, ukuta umeelezwa, hata bati la banda limehesabiwa. Mibuyu imeandikwa kama mtu anavyoandika "mawe matatu". Ombi langu ni kwamba kabla ya kalamu kushikwa, mjue kwamba mibuyu ile mitatu si mti mmoja uliorudiwa mara tatu.

Wenzetu wa Tanzania humwambia mtu kuwa "amezunguka mbuyu" wakiwa na maana kwamba ametoa rushwa. Mimi leo nitauzunguka kwa nia njema.

Nianze na Bibi, maana wengi wenu mlio chini ya miaka 40 hamkumdiriki. Bibi alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa na daftari lake kichwani. Mibuyu ya shambani, wakati huo ikiwa minne, kila mmoja ulikuwa na jina na kazi yake. Mbuyu wa Kisimani ulikuwa na unga mweupe, mkali wa kuchachuka. Huo ulikuwa wa maji ya ubuyu, hasa ya wagonjwa na ya mama aliyejifungua. Mbuyu wa Mpakani ulikuwa na ubuyu wa rangi ya maziwa yaliyoingia asali, mtamu, usiokwaruza meno. Huo ulikuwa wetu watoto, na wa kupeleka zawadi Mombasa. Mbuyu wa Njiani ulizaa mabuyu makubwa ajabu, lakini ukiyapasua ndani ni nyuzi nyekundu na kokwa tupu, unga haba. Bibi hakuutukana. Magamba yake yalikuwa ndiyo vibuyu na kata za nyumba nzima. Na wa nne ulikuwa hauzai. Ulichanua kila msimu, maua meupe yakaning'inia kama vitambaa, asubuhi yakaanguka chini, na tunda hakuna. Bibi aliuita Dume, akachuma majani yake machanga kwa mboga.

Sisi watoto tulidhani hayo ni mambo ya wazee. Nilipokwenda kusoma elimu ya chakula nikafundishwa kwamba ubuyu una vitamini C kiasi kadhaa, nikaandika tarakimu moja daftarini, nikafurahi. Ilinichukua miaka kutambua kwamba tarakimu ile moja ilikuwa na elimu ndogo kuliko ya Bibi. Yeye alijua kwamba hakuna kitu kinachoitwa ubuyu tu. Kuna ubuyu wa mti huu, na ubuyu wa mti ule.

Wataalamu nao wamelikuta jambo hilo hilo. Mbuyu wa bara la Afrika huitwa kwa jina la kitaalamu *Adansonia digitata*. Neno la kwanza linamkumbuka Michel Adanson, Mfaransa aliyeichunguza mimea ya Senegali katikati ya karne ya 18, na la pili linatokana na vidole, kwa sababu jani la mbuyu limeachana kama kiganja. Madagaska wana aina sita za mibuyu zisizopatikana kwingine, Australia wana moja, na Afrika bara tuna hii yetu. Mwaka 2012 walitokea watafiti waliosema kwamba mibuyu ya sehemu za juu ina maua madogo zaidi na tofauti katika urithi wake, wakaifanya aina ya peke yake, wakaipa jina la Kiswahili, *kilima*. Wengine wakaja wakaipima tena, wakaona tofauti zile zimo ndani ya aina ile ile moja. Huo ndio mbuyu. Unabadilika mti hata mti kiasi cha kuwababaisha mabingwa.

Habari iliyonigusa zaidi ilitoka Mali. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kilimo wa nchi hiyo walichukua matunda ya mibuyu mbalimbali, wakapima vitamini C mti kwa mti. Mti ulio chini kabisa ulikuwa na kiasi cha miligramu 150 katika kila gramu 100 za unga. Mti ulio juu kabisa ulikaribia miligramu 500. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tatu, baina ya miti ya nchi moja. Wakulima wa huko huigawa mibuyu yao kwa rangi ya gome, wa gome jeusi, jekundu na la kijivu. Watafiti wakatazama kama gome linaweza kuonyesha mti wenye vitamini nyingi, wakaona haliwezi. Lakini waliona jambo jingine, nalo ndilo kiini cha maneno yangu ya leo. Mti uliokuwa juu mwaka huu ulikuwa juu na mwaka uliofuata, na uliokuwa chini ulibaki chini. Kwa hiyo si bahati ya mvua peke yake. Ni tabia ya mti wenyewe.

Sasa tuziweke tarakimu hizo mezani pamoja na vikombe vyetu. Chukua gramu 20 za unga wa ubuyu, kama vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Ukitoka kwenye mti wa chini, utapata miligramu 30 za vitamini C. Hapa Uingereza mtu mzima anahitaji miligramu 40 kwa siku, kwa hiyo hujafika. Ukitoka kwenye mti wa juu, kijiko ni kile kile na kikombe ni kile kile, lakini utapata karibu miligramu 100, yaani mahitaji ya siku mbili na zaidi. Chungwa, ili mpate kulinganisha, lina kiasi cha miligramu 50 katika gramu 100. Mkiona basi pakiti ya unga wa mbuyu dukani imeandikwa "utajiri wa vitamini C", jueni kwamba aliyeandika hakusema uongo, ila hakuwaambia ni mti gani.

Na pakiti hizo zimekuwa nyingi. Mwaka 2008 Jumuiya ya Ulaya iliruhusu unga wa ubuyu uuzwe kama chakula kipya. Kipya! Bibi angecheka hata kanga ikamwanguka. Mwaka 2009 Marekani nao wakakubali utiwe katika vinywaji na vyakula fulani. Tangu hapo kitu tulichokuwa tukikila bure juu ya mchanga kinauzwa katika mitungi midogo kwa bei ya zafarani. Sisemi msinunue. Nami hununua. Nasema ni unga uliochanganywa wa miti mingi, wa Kisimani na wa Njiani umewekwa gunia moja, na kile Bibi alichokitenga kimerudishwa pamoja.

Hapa nitasimama kidogo nimrekebishe Bibi pia, kwa adabu, kwa sababu mapenzi yasitufanye tuongope. Bibi aliamini kwamba ubuyu unaochachuka sana ndio wenye nguvu. Ulimi hauwezi kupima hilo. Ukali wa ubuyu unatokana na asidi kadhaa, zikiwemo zile za ndimu na za ukwaju, na vitamini C ni jambo jingine. Mti mtamu waweza kuwa na vitamini nyingi, na mkali ukawa nazo chache. Bibi alikuwa na haki kwamba miti inatofautiana, na alikuwa na haki kwamba tofauti hiyo hudumu. Hakuwa na chombo cha kumwonyesha tofauti isiyoonjeka. Chombo hicho sisi tunaweza kukipata.

La pili la kurekebisha ni lile linalosemwa katika kila nyumba yetu, kwamba ubuyu unaongeza damu. Mwana wa ndugu yangu mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa yumo humu ukumbini na tayari ameinamisha kichwa, alipungukiwa na damu alipokuwa na mimba ya kwanza. Akapewa vidonge vya madini ya chuma, akaviacha kwa sababu vilimchafua tumbo, akawa anakula ubuyu asubuhi na jioni kwa kutegemea maneno yetu. Alinipigia simu amekwisha choka, hawezi kupanda ngazi. Kosa si lake. Ni letu tuliompa nusu ya elimu. Unga wa ubuyu si ghala la chuma la kutegemewa. Kazi yake ni nyingine. Vitamini C iliyomo humsaidia mtu kukifyonza vyema chuma kilichomo katika mboga, kunde, maharage na nafaka. Ubuyu ni ufunguo, haufanyi kazi pasipo mlango. Kunywa maji ya ubuyu pamoja na sahani ya kunde na mchicha, na hiyo chai ya rangi uipendayo isogeze mbele saa moja au mbili, kwa sababu chai hukizuia chuma kile kile. Na vidonge, daktari akiviandika, vimezwe. Vikikusumbua, rudi kwake akubadilishie. Usiache kimya kimya.

Yapo mengine katika buyu moja. Karibu nusu ya unga ule, kwa vipimo vingi vilivyochapishwa, ni nyuzinyuzi, zile zinazolainisha choo na kuchelewesha sukari kuingia katika damu. Mna kalisiamu ya kutosha kutajwa, kiasi cha miligramu 300 katika gramu 100, ingawa hapo pia miti hutofautiana. Mna potasiamu nyingi, jambo zuri kwa wengi wetu, lakini mwenye maradhi ya figo asiuzoee ubuyu kabla ya kumwuliza daktari wake. Kokwa tunazotema zina mafuta na protini, na katika nchi nyingi za Afrika ya Magharibi hukaangwa na kusagwa zikawa kiungo. Na majani ambayo Bibi aliyachuma kwa Dume, Wahausa huyakausha wakayasaga, wakayaita kuka, na mchuzi wake ni chakula cha kila siku. Watafiti wale wale wa Mali waliona kwamba majani yaliyokaushwa kivulini huhifadhi zaidi viini vya vitamini A kuliko yaliyoanikwa juani. Bibi alianika majani yake chini ya makuti ya baraza. Tulidhani anaogopa mbuzi.

Sasa kisukari, nimesema kitaingia chenyewe. Ubuyu tunaouleta hapa katika masanduku, ule mwekundu unaopaka midomo ya watoto, Unguja wakauita ubuyu na Mombasa tukauita mabuyu, ni kitu kizuri cha sikukuu. Lakini tazameni jinsi unavyopikwa. Sukari inachemshwa ikawa shira, inatiwa rangi, hiliki na pilipili, kisha kokwa na unga wake zinasongwa humo zikiwa motoni. Vitamini C haipatani na moto, na sukari haipatani na nusu ya watu waliomo ukumbini humu. Kwa hiyo ule uwe peremende, uliwe kidogo, na usihesabiwe kuwa dawa.

Maji ya ubuyu ndiyo njia iliyo bora. Loweka unga na kokwa zake katika maji yaliyochemshwa yakapoa, usiyatie yakiwa yanachemka. Acha kwa muda, vuruga kwa mkono safi au kwa mwiko mpaka kokwa zibaki tupu, chuja kwa chujio la matundu makubwa ili usizitupe zile nyuzinyuzi. Ukitaka utamu, tia tende moja iliyopondwa. Ukihifadhi nyumbani, ni heri kuweka buyu zima halijapasuliwa kuliko unga, maana gamba lile ni mkebe usioshindwa na mkebe wa kiwandani. Likisha kupasuliwa, unga ukae pakavu, katika chombo kinachofungwa, mbali na mwanga. Unga wa ubuyu huvuta unyevu, na hali ya hewa ya hapa, sote tunaijua.

Narudi shambani.

Mnaokumbuka mnajua kwamba ule mti wa nne, Dume, haupo tena. Ami yetu mmoja aliuangusha, akasema unakula ardhi bure nao hauzai. Kisha wazee wakalalamika kwamba Kisimani hauzai kama zamani. Sitamhukumu marehemu kwa jambo ambalo ukame ungeweza kulifanya pia. Lakini nitawaambia namna mbuyu unavyozaa, mkae nalo. Ua la mbuyu hufunguka jioni, na kwetu hutembelewa usiku na popo wala matunda, ambao hubeba chavua kutoka mti hadi mti. Kila ua lina sehemu ya kiume na ya kike, hakuna mbuyu ulio dume mtupu. Lakini chavua ya mti wenyewe kwa kawaida haitoshi kuufanya uzae. Unahitaji ya mwenzake. Mti usiozaa waweza kuwa ndio unaowazalisha wengine. Hayo Ami hakuyajua, wala sisi hatukuyajua, na karatasi ya mpimaji haiyajui mpaka leo.

Kwa sababu hiyo hiyo, mtu asidhani kwamba akichukua kokwa za Mpakani akazipanda amepata Mpakani mwingine. Kokwa ile ina mama anayejulikana na baba aliyeletwa na popo. Mti wake utakuwa ndugu tu, si yeye. Tena ni ndugu wa kusubiriwa sana. Mbuyu uliopandwa kwa kokwa waweza kuchukua miaka 8, mahali pengine hata zaidi ya 20, kabla ya tunda la kwanza. Anayetaka mti ule ule hana budi kupandikiza. Huotesha miche kwa kokwa yoyote, kisha hukata kitawi cha mti uliochaguliwa na kukiunganisha juu ya mche, kama wafanyavyo watu wa miembe. Afrika ya Magharibi wamefanya hivyo kwa mbuyu, na miti iliyopandikizwa imezaa chini ya miaka mitano. Na miti hiyo, kwa vile ni ile ile, huchukua tabia ile ile.

Mbuyu ni msafiri mkubwa, hilo lisitutie hofu. Ndugu zetu wa Salala ni mashahidi. Katika Wadi Hinna, upande wa Mirbat, na huko Dalkut, mibuyu imesimama katika ardhi ya Omani kama imesahau njia ya kurudi. Nakumbuka mara ya kwanza nilipopelekwa Wadi Hinna na binamu zangu. Tuliteremka garini, mama yangu akauendea mti wa kwanza, akaweka kiganja juu ya gome, akasema, "Na wewe pia?" Hakusema neno jingine mpaka Salala. India nako iko mibuyu, na uchunguzi wa urithi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asili yake ni Afrika na kwamba haikufika kwa safari moja tu.

Lakini safari si zote sawa. Mwaka 2022, huko huko Kilifi, mibuyu mikubwa iling'olewa mizima na mizizi yake ili ipelekwe Georgia, ikapambe bustani. Wenye mashamba walilipwa. Kelele zikawa nyingi, hata Rais William Ruto akaagiza uchunguzi ufanywe. Siwalaumu wale waliouza, maana mwenye njaa haulizwi kwa nini amekula mbegu. Sisi hatuna njaa hiyo. Tukiupoteza Mpakani, tutakuwa tumeupoteza kwa uvivu.

Kwa hiyo naleta mapendekezo manne mbele ya mkutano, na naomba yaandikwe katika kumbukumbu.

Kwanza, kabla shamba halijagawanywa wala kuuzwa, mibuyu mitatu iliyobaki ipigwe picha na iandikwe kwa majina yake, mahali ilipo na sifa zake, kwa maneno ya wale waliokula matunda yake. Wamebaki watu watano wanaokumbuka daftari la Bibi. Wawili hawakuweza kusafiri mwaka huu.

Pili, msimu ujao wa mavuno yachukuliwe mabuyu yaliyokomaa ya kila mti, yakiwa mazima, kila mti na alama yake, yapelekwe kwenye maabara ya chakula Nairobi yakapimwe vitamini C na kalisiamu. Gharama yake nitaichangia mwenyewe kwanza, na atakayependa ataniunga mkono.

Tatu, vijana wetu wa Kilifi waoteshe miche ishirini, na fundi wa kupandikiza miembe aitwe aijaribu kwa vitawi vya Kisimani na Mpakani. Na wa Njiani pia. Msiniulize una vitamini gani. Vibuyu navyo ni mali.

Nne, kama shauri letu kesho litakuwa kuuza, sehemu yenye mibuyu itengwe isiuzwe, au angalau mkataba usitiwe sahihi mpaka miche imeshika. Najua mpangaji wa hesabu zetu atasema kwamba ardhi ya upande wa kisima ndiyo yenye bei. Ni kweli, nami naiheshimu hesabu yake. Nataka tu tujue tunachokiuza kina nini, na tulipe bei hiyo macho yakiwa wazi.

Watoto wa mlangoni, neno langu la mwisho ni lenu. Mmezaliwa London, Maskati na Toronto, na watu huwauliza mnatoka wapi, nanyi hujibu kwa taabu. Msione haya. Nusu ya miti ya Wadi Hinna ingejibu kwa taabu vile vile. Lakini siku mtakapokwenda Kilifi, msipigwe picha mbele ya mbuyu mkaondoka. Ulizeni huu ni upi. Pasueni buyu, onjeni, kisha vukeni mpaka mti wa pili mkaonje tena. Mtakapoanza kutambua tofauti kwa ulimi wenu wenyewe, mtakuwa mmelifungua daftari la Bibi ukurasa wa kwanza.

Wazee husema mbuyu ulianza kama mchicha. Miche ishirini ile, ikiota, itakuwa mchicha kweli, mbuzi mmoja anaweza kuimaliza kwa asubuhi moja. Naomba tuiwekee uzio.

Nimewaletea mabuyu sita, yameingia nchini kwa halali na karatasi zake ninazo. Matatu ni ya Kisimani, matatu ya Mpakani. Yamewekwa juu ya meza ya chai bila ya majina. Onjeni, kisha mje mniambie lipi ni la mti upi.